Barua ya tabia njema

Katika miaka 31 ya ualimu nimeandika barua nyingi za kuthibitisha tabia za wanafunzi wangu. Nimeviandikia vyuo, mabenki, waajiri wa Maskati na Dubai, na mara moja niliwaandikia wazazi wa binti aliyekuwa akiposwa, waliotaka kujua kama mposaji ni mtu wa swala. Ni kazi nyepesi. Mwalimu hukaa, huikumbuka sura ya mtoto, huchagua maneno mazuri yaliyo ya kweli, kisha hupiga muhuri. Kati ya barua zote hizo ni moja tu iliyonirudia, nayo ilinirudia kwa njia ya mbali mno, kupitia kesi ya kijana wa Marekani nisiyemjua wala yeye hanijui.

Ilikuwa Ramadhani ya mwaka 1437, yaani Juni 2016. Binti yangu mkubwa, aliyekuwa akisomea sheria Dar es Salaam, alikuja nyumbani Tanga kufunga pamoja nasi. Usiku mmoja baada ya tarawehe nilimkuta barazani, simu mkononi, uji umepoa mbele yake, naye analia. Nikadhani kuna msiba. "Hapana mama," akaniambia, "nasoma maneno ya dada mmoja aliyoyasema mahakamani." Miwani yangu nilikuwa nimeiacha ndani, nikamwomba anisomee na kunifasiria. Maneno hayo yalijaza kurasa 12. Tulipomaliza, wapiga daku walikuwa wameshaanza kupita mtaani.

Kwa wasiokumbuka, jambo lenyewe lilikuwa hivi. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Januari 2015, katika Chuo Kikuu cha Stanford kilichopo California, wanafunzi wawili raia wa Sweden walikuwa wakipita na baiskeli zao karibu na nyumba iliyokuwa na karamu ya wanafunzi. Nyuma ya pipa kubwa la taka walimwona kijana juu ya msichana aliyelala chini asiyejitikisa. Wakamwita. Kijana akakimbia. Mmoja wao akamfukuza, wakamwangusha na kumzuia mpaka polisi walipofika. Msichana alikuwa na umri wa miaka 22, hakuwa hata mwanafunzi wa chuo hicho. Alikwenda kwenye karamu kumsindikiza mdogo wake. Alizindukana hospitalini, na majani ya misonobari yamenasa nywele zake. Mengi ya yaliyompata aliyajua siku kadhaa baadaye, akiwa kazini, kwa kuyasoma katika habari kama msomaji mwingine yeyote. Na habari hiyo, baada ya kueleza alivyokutwa, ilimalizia kwa kutaja kasi ambazo kijana yule huogelea.

Kijana huyo, Brock Turner, alikuwa na miaka 19, mwogeleaji hodari aliyetoka jimbo la Ohio na kuingia Stanford kwa kipaji chake. Tarehe 30 Machi 2016 jopo la raia lilimtia hatiani kwa makosa 3 ya shambulio la kingono dhidi ya mtu aliyelewa na asiyekuwa na fahamu. Sheria iliruhusu kifungo cha hadi miaka 14, na mwendesha mashtaka aliomba 6. Tarehe 2 Juni, siku chache kabla ya mwezi mtukufu kuandama, Jaji Aaron Persky alimhukumu miezi 6 katika jela ya kaunti na miaka 3 ya uangalizi, na kumtaka ajiandikishe maisha yake yote katika orodha ya wahalifu wa makosa ya kujamiiana. Jaji alieleza kwamba kifungo cha gereza kingemwathiri vibaya sana kijana huyo. Mapema Septemba alikuwa nje, baada ya kukaa ndani miezi 3.

Kwenye daku alikuwapo pia shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Ni mtu mwema na mkarimu, lakini hana simile katika kusema. Alipopata kisa akatoa swali ambalo najua wengi wenu mmekwishaliuliza mpaka hapa: "Na yeye binti, alifuata nini kwenye ulevi usiku wa manane?"

Nitasema kweli. Hilo ndilo lililonijia mimi pia, kabla hata shemeji hajalitamka. Nilikuwa nimesomewa kurasa 12, nimefuta machozi mara mbili, na bado swali la kwanza lililobaki moyoni mwangu lilikuwa juu ya aliyedhulumiwa, si juu ya aliyedhulumu.

Binti yangu hakupandisha sauti. Alisema, "Ba' mdogo, kunywa kwake ni baina yake na Mola wake, na mlango wa toba uko wazi. Lakini mtu aliyezimia hana la kukubali wala la kukataa. Sisi wenyewe tumefundishwa kwamba kalamu imeinuliwa kwa aliyelala mpaka aamke. Sasa kama malaika hawamwandikii, huyu mwingine alipata wapi idhini yake?" Kisha akaongeza jambo ambalo sikuwa nimeliona. Mahakamani, alisema, kijana naye aliegemea pombe. Alilaumu mazoea ya ulevi wa vyuoni, akajitolea kwenda kuwaonya wanafunzi wenzake juu yake. Kwa hiyo pombe ileile ya usiku uleule ilikuwa udhuru wa mmoja na hatia ya mwingine.

Shemeji alimalizia maji yake, akasema adhana i karibu. Hatukulirudia tena mezani.

Lakini lililoninyima usingizi asubuhi ile baada ya alfajiri halikuwa swali la pombe. Lilikuwa zile barua.

Kabla ya hukumu, watu wengi waliomjua kijana walimwandikia jaji kumwombea: jamaa, marafiki, majirani. Iliyovuma kuliko zote ni ya baba yake. Alieleza jinsi mwanawe alivyokosa raha, asivyotamani tena kipande cha nyama ya kuchoma alichokuwa akikipenda, na kwamba ilikuwa gharama kubwa mno kuilipa kwa jambo la dakika 20 katika maisha ya miaka 20 na ushei. Dunia nzima ilimkemea mzee yule kwa dakika zake 20, na ilistahili. Mimi, hata hivyo, jicho langu lilitua kwenye barua nyingine isiyotajwa sana. Mmoja wa walioandika alikuwa mshauri wa wanafunzi katika shule yake ya sekondari. Aliandika kama tunavyoandika sote. Baada ya barua kutoka hadharani na watu kuikasirikia, aliomba radhi.

Ndugu msomaji, mimi ni mwalimu yule.

Mwishoni mwa mwaka 2008 nilikuwa makamu mkuu wa shule moja ya sekondari, ambayo sina haja ya kuitaja. Tulikuwa na mwanafunzi wa kidato cha sita, mshambuliaji ambaye uwanja wa shule hujaa akicheza. Mara mbili alichaguliwa timu ya mkoa katika michezo ya UMISSETA. Alikuwa pia mtoto wa swala, mnyenyekevu mbele ya walimu, na ndiye aliyekuwa akinibebea vitabu kutoka darasani hadi ofisini bila kutumwa. Alikuwa na miaka 19. Jioni moja baba yake, mfanyabiashara anayeheshimika, alifika nyumbani kwangu pamoja na kaka yake na wazee wawili wa mtaa. Binti aliyekuwa akifanya kazi za ndani katika nyumba ya jirani yao alikuwa amemshitaki kijana kituoni. Sitaeleza alichoshitaki, mnakielewa.

"Mwalimu," alisema baba, "wewe ndiye uliyemlea huko shuleni. Unamjua kuliko sisi."

Walinieleza kwamba jambo limekwishazungumzwa. Mjomba wa binti, mchukuzi wa mizigo sokoni, amekubali kupewa kifuta machozi. Kilichotakiwa ni karatasi: ombi la familia mbili kwamba wameyamaliza nyumbani, na barua ya shule juu ya tabia ya kijana. Mmoja wa wazee aliitaja ile hadithi maarufu, kwamba anayemsitiri Muislamu naye Allah humsitiri. Mwingine alitaja idadi. "Miaka 30, Mwalimu. Sheria ya 1998 haina mzaha. Miaka 30 kwa mtoto ambaye hajafanya hata mtihani wake!"

Nimeifikiria mara nyingi hesabu hiyo tangu hapo. Kule California watu waliandamana kwa kuwa adhabu ilikuwa nyepesi kama unyoya. Kwetu adhabu ya ubakaji ni nzito, haipungui miaka 30, na uzito huohuo ndio uliotukusanya sebuleni kwangu kuhakikisha kwamba jalada halifiki mahakamani. Sisemi sheria ilegezwe. Nasema tu kwamba sikumsikia hata mmoja usiku ule akisema, tuangalie kwanza kama ni kweli.

Nikaandika. Ukurasa mmoja. Nilisema kijana ni mtiifu, mcha Mungu, mwenye kipaji kinachoiletea shule na mkoa heshima, na kwamba katika miaka yangu ya kumfahamu sikupata kupokea lalamiko lolote juu yake. Kila neno lilikuwa kweli. Ningeweza kuliapia kila neno lile mbele ya msahafu. Binti hakuwamo. Si kwamba nilimsingizia. Hakuwamo kabisa, wala kwa jina wala kwa ishara. Jina lake sikuliuliza. Umri wake sikuuliza. Nilipiga muhuri, wageni wakanywa chai, wakaniombea dua.

Jalada lilifungwa. Kijana alifanya mtihani, akafaulu. Leo ni baba wa watoto, ana kazi yake, na tukikutana sokoni hunisalimu, "Shikamoo Mwalimu," nami humwitikia marahaba. Sina haki ya kumwita mhalifu. Turner alishitakiwa, akapewa mawakili, ushahidi ukasikilizwa, na raia wa jopo wakaafikiana kwamba ana hatia. Baadaye, mwaka 2018, rufaa yake ikatupwa. Huyu wetu hakupitia lolote kati ya hayo, na dini yetu imekaza sana juu ya kumtuhumu mtu bila ya ushahidi. Lakini ndiyo maana nasema tulimdhulumu hata yeye. Kama alikuwa safi, hakuna aliyempa nafasi ya kusafishwa. Tuliwafungia mlango wote wawili. Tofauti ni kwamba yeye alibaki ndani ya nyumba na binti akabaki nje.

Kuhusu hadithi ya kusitiri, miaka kadhaa baadaye nilimwendea shehe mmoja ninayeuamini uchaji wake, nikamweleza bila kutaja majina. Alinyamaza kidogo. Akaniambia kwamba sitara ni ya dhambi iliyo baina ya mja na Mola wake, lakini haki ya mtu aliyedhulumiwa si mali yetu hata tuifunike. Akaniuliza, kwa upole lakini bila kunionea haya: "Na yule binti, ninyi mlimsitiri kwa kitu gani?"

Shehe huyohuyo alinikumbusha kisa cha mwanamke wa Bani Makhzum, ukoo mkubwa katika Makureshi, aliyeiba. Jamaa zake walihofia aibu, wakamtafuta mtu wa kumwombea kwa Mtume (s.a.w.), wakampata Usama bin Zayd, kipenzi wa Mtume na mtoto wa kipenzi chake. Mtume alikasirika, akawahutubia watu kwamba waliowatangulia waliangamia kwa kuwaachia wakubwa wao na kuwaadhibu wanyonge wao, na akamtaja binti yake mwenyewe, Fatima, kwamba lau angekuwa yeye asingemwachia. Kisa hiki nimekifundisha darasani mara zisizohesabika. Nilikuwa nikikieleza upande wa Mtume na upande wa mwanamke. Usama nilikuwa nikimpita haraka. Usama hakuwa mtu mbaya. Aliombwa na watu wazima wenye heshima zao aseme neno jema, naye akalisema.

Mjadala wa Marekani haukuishia kwenye hukumu. Maneno ya binti yule yalisomwa na mamilioni, wabunge wakayasoma kwa zamu ndani ya bunge lao, na kabla ya mwaka kwisha California ilibadili sheria yake ili anayemshambulia kingono mtu aliyezimia asikwepe gereza. Kisha profesa mmoja wa sheria wa hapohapo Stanford aliongoza kampeni ya kumwondoa jaji kwa kura. Tarehe 5 Juni 2018, tukiwa tena katika Ramadhani, zaidi ya asilimia 60 ya wapiga kura wa kaunti ya Santa Clara waliamua aondoke. Jaji wa California alikuwa hajawahi kuondolewa kwa njia hiyo tangu mwaka 1932.

Nilidhani binti yangu angeshangilia. Hakushangilia. Alikuwa amekwishaanza kazi ya uwakili, na siku zake zilikuwa zikipita mahabusu kwa watu wasio na wa kuwaandikia barua. Aliniambia kwamba huko Marekani watetezi wengi wa washtakiwa maskini waliipinga kura hiyo. Hofu yao ilikuwa kwamba jaji anayeogopa ghadhabu za watu hatamkazia mtoto wa tajiri. Atamkazia mweusi na fukara, ambao ndio wengi wanaosimama mbele yake. Tume inayosimamia mienendo ya majaji nayo ilikuwa imemchunguza Persky na kutomwona na kosa la kinidhamu. Mimi nilimjibu kwamba watu hawakuwa na mlango mwingine wa kugonga. Akaniambia, "Yawezekana, mama. Lakini huruma aliyoionyesha jaji haikuwa kosa. Kosa ni kwamba ilimtosha mmoja." Tulibishana mpaka karibu na futari, na mpaka leo hatujaafikiana. Naona yeye ana haki zaidi kuliko nilivyokubali siku ile, ingawa ningekuwa mpiga kura wa kule, nahisi mkono wangu ungemwondoa.

Mwaka 2019 binti aliyekuwa akifahamika mahakamani kwa jina la bandia alijitokeza. Anaitwa Chanel Miller. Alitoa kitabu cha maisha yake, na jina la kitabu hicho kwa Kiswahili ni kama kusema, lijue jina langu. Binti yangu aliniletea nakala. Nilisoma polepole, na kamusi pembeni. Kuna jambo nililikumbuka kutoka zile kurasa 12 za mwanzo: alieleza kwamba alichora baiskeli mbili akazibandika juu ya kitanda chake, zimkumbushe kuwa wapo watu waliosimama. Wale Waswidi wawili hawakujua anaitwa nani wala katoka wapi, wala hawakuuliza kama amekunywa. Mmoja wao alilia alipokuwa akiwaeleza polisi aliyoyaona.

Nilipofunika kitabu nilivaa baibui nikaenda kwa jirani wa miaka ile, aliyekuwa mwajiri wa yule binti. Nikamwuliza jina. Alifikiri kwa muda mrefu. Alikuwa akimwita kwa jina la nyumbani tu, alilompa mwenyewe kwa kuwa lilikuwa jepesi kutamkika. Jina lake hasa nilikuja kulipata sokoni, kwa wachukuzi wazee waliomkumbuka mjomba. Mjomba alikwishafariki. Wakanielekeza kwa shangazi, aliyehamia Pangani.

Nilikwenda kwa basi, Jumamosi. Shangazi ni mwanamke wa makamo, msusi wa ukili. Alinikaribisha mkekani, akanipa maji, akanisikiliza mpaka mwisho mikono yake haijaacha kazi. Kutoka kwake ndipo nilipojua kwamba wakati ule binti alikuwa na miaka 17. Sasa ameolewa mbali, ana watoto, na mumewe hajui. Kwa sababu hiyo simtaji hapa wala sitaji alipo.

Nilikuwa nimekwenda na barua. Ilinichukua siku nne kuiandika. Ilieleza nilichoandika mwaka 2008, nani alikuwapo, chai ilivyonywewa, na kwamba sikuuliza jina lake. Haikuwa na muhuri. Nilimwomba shangazi amfikishie siku atakayoona inafaa, na kama ataona haifai, aichome.

Alisimamisha ukili wake kwa mara ya kwanza. "Unataka akusamehe, Mwalimu?"

Nikamwambia sikuja kuomba hilo, na nilipokuwa nikilisema nilijua si kweli yote.

Zilipita wiki saba. Simu ikalia baada ya swala ya isha, ikawa ni shangazi. "Alikuja kunitazama. Nimemsomea yote." Nikangoja. "Amesema amesikia."

Nikauliza kama kuna lingine.

"Aliichukua," akasema shangazi. "Aliikunja akaondoka nayo."